Jinsi ya Kulipa Deni Usilodaiwa

Hapa Mkonze, kama ilivyo mitaa mingi ya Dodoma, hakuna asiyeijua mikopo ya kausha damu. Mama lishe anachukua laki moja asubuhi, na kuanzia kesho yake kila jioni anakuja kijana wa pikipiki na daftari mkononi. Leo analipa, kesho analipa, mtondogoo analipa. Siku akishikwa na malaria akashindwa kupika, deni linazaa. Ukipita baada ya miezi michache, friji halipo, kochi halipo, na mama mwenyewe anapita njia za uchochoroni. Pamoja na yote hayo, mama yule angalau alishika laki moja mkononi. Mimi nimelipa kausha damu kwa zaidi ya miaka 20 na sikuwahi kupokea hata shilingi.

Mdai wangu ni ugonjwa. Kwenye faili la hospitali huandikwa OCD. Kwa Kiswahili cha kueleweka ni ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania kichwani na matendo ambayo mtu anajiona lazima ayarudie. Wengi wakiusikia huwaza mtu anayenawa mikono mpaka inachubuka, au anayerudi mara kumi kuangalia kama amefunga mlango. Hao wapo, na wanateseka kweli. Lakini ugonjwa huu una sura nyingine isiyosemwa sana, nayo ndiyo iliyonishika mimi: mtu anaamini kwamba wazo lake, hesabu yake, au namna alivyogusa geti wakati wa kutoka, vinaweza kuua au kuokoa. Ni uchawi usio na mchawi. Mshtakiwa, shahidi na hakimu ni mtu mmoja, naye yuko kitandani saa nane za usiku, anahesabu misumari ya bati.

Ugonjwa huu una taratibu, na taratibu zake hazibadiliki sana kutoka mtu hadi mtu. Ungeweza kuchapa kijitabu cha maelekezo ukakigawa mlango kwa mlango. Basi nimeuandikia. Hatua zifuatazo nimeziweka kwa sauti yake wenyewe, kama unavyozitoa kichwani, ili anayezisikia autambue mwandiko. Na kila hatua nimeijibu, kwa sababu mimi sitaki mtu mwingine alipe.

Hatua ya kwanza: Amini kwamba wazo ni mkono

*Ukiwaza baya, umelitenda. Ukiliona basi limepinduka kichwani mwako, dereva ni wewe.*

Mimi nilianza nikiwa mdogo. Usiku ukitulia, honi ya treni ya reli ya kati ilikuwa ikifika mpaka chumbani kwetu. Siku moja kichwa kiliniambia: bana pumzi mpaka honi iishe, la sivyo treni itaanguka. Nikabana, na treni ikapita salama. Usiku uliofuata nikabana tena. Ikawa ndiyo kazi yangu, na hakuna aliyejua kwamba kuna mtoto Mkonze anazilinda treni za Tanzania kwa mapafu yake.

Mwezi Juni 2002, nikiwa na miaka tisa, nilikohoa katikati ya honi. Siku chache baadaye, tarehe 24, treni ya abiria ilishindwa kusimama kwenye mlima kati ya Msagali na Igandu, hapa hapa mkoani Dodoma. Ikarudi kinyumenyume kwenye mteremko na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mji mzima ulilia. Mimi nililia nikiwa nimejificha uvunguni, kwa kuwa nilidhani namjua aliyewaua.

Nililibeba hilo mpaka nikawa mtu mzima, ndipo nikaweza kulisema kwa sauti mbele ya mtu. Siku hiyo nilisikia masikioni mwangu jinsi lilivyo. Treni ile ilirudi nyuma kwa sababu ya uzito, mteremko na breki. Chuma hakisikilizi kikohozi cha mtoto.

Mawazo mabaya yenyewe si dalili ya ubaya wa mtu. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba hata watu wasio na ugonjwa wowote hujiwa na mawazo yaleyale yanayowatesa wagonjwa. Mwaka 2014 ukachapishwa utafiti uliohusisha wanafunzi 777 wa vyuo katika nchi 13 za mabara sita. Karibu 94 katika kila 100 walisema kwamba ndani ya miezi mitatu walikuwa wamejiwa na angalau wazo moja la namna hiyo bila kulialika: kumsukuma mtu barabarani, kutukana mahali patakatifu, kuona nyumba inaungua. Wazo ni kama mbuzi wa jirani aliyekatiza uani kwako. Watu wengi humwacha akapita. Sisi tunamfunga kamba, tunamhoji ametumwa na nani, halafu tunamwita mwenyekiti wa mtaa aje kuandika maelezo. Mbuzi haondoki kwa sababu tumemfunga.

Katika miaka ya 1990 Rachman na wenzake walilieleza kosa hili waziwazi: mwenye ugonjwa hulichanganya wazo na tendo. Huona kuwaza ajali ni sawa na kuisababisha, au walau ni kuisogeza karibu. Ukilijua hilo, maelekezo ya hatua ya kwanza yanakosa nguvu. Si kwamba wazo litaacha kuja. Litakuja, ila litakuja kama wazo.

Hatua ya pili: Lipa kidogo, mara moja tu

*Ni geti tu. Liguse mara tatu, sekunde mbili hazifiki. Usipoligusa, mama akapata ajali, utaweza kuishi?*

Mama yangu husafiri kwenda Dar es Salaam kuwaona wajukuu. Anapanda basi Nzuguni alfajiri. Mara ya kwanza niligusa geti mara tatu baada ya kumsindikiza kwenye bajaji, na jioni akapiga simu kwamba amefika. Ugonjwa ukanigongea muhuri: *Umeona?*

Hapo ndipo penye utapeli wote. Mama alifika kwa sababu dereva alikuwa macho, matairi yalikuwa mazima na barabara ilikuwa shwari. Lakini kwa kuwa niligusa geti, sikupata nafasi ya kuona kwamba angefika hata nisingeligusa. Hofu ilipanda, nikafanya tendo, hofu ikashuka, na ubongo ukaandika kwenye daftari lake kwamba tendo ndilo lililookoa. Kesho yake hofu inakuja na bei mpya. Mara tatu zikawa tisa. Tisa zikawa tisa za mkono wa kulia. Kisha zikawa tisa za mkono wa kulia bila neno baya kupita kichwani, na likipita, rudia kuanzia moja. Ilifika wakati naondoka mlangoni saa kumi na mbili kasoro ili niwahi daladala ya saa moja, na kutoka getini kwetu hadi kituoni ni mwendo wa dakika sita.

Wazee waliosoma shule za misheni wanamjua John Bunyan, Mwingereza aliyeandika hadithi ya msafiri anayekwenda mji wa mbinguni, kitabu ambacho wamisionari walikitafsiri kwa Kiswahili. Wachache wanajua kwamba mwaka 1666 Bunyan alichapisha pia maelezo ya mateso yake mwenyewe. Alipenda kupiga kengele za kanisa kijijini kwao, kisha akaona ni dhambi akaacha, ila akaendelea kwenda kutazama wengine wakipiga. Wazo likamjia: je, kengele ikidondoka? Akasimama chini ya boriti kubwa. Je, ikidondoka ikagonga ukuta, ikaruka na kumfuata chini ya boriti? Akahamia mlangoni. Je, mnara mzima ukianguka? Akakimbia. Msome Bunyan polepole utaona kwamba kila alipolipa, alipata utulivu wa dakika chache na deni kubwa kuliko la kwanza.

Jibu la hatua ya pili ni fupi. Hakuna malipo madogo kwa mdai huyu. Mguso mmoja wa geti ni sahihi yako kwenye karatasi inayosema deni ni la kweli.

Hatua ya tatu: Waweke ndugu zako dhamana

*Uliza. Uliza tena kidogo tu. Huenda hakukusikia vizuri.*

Kausha damu inataka mdhamini, na ugonjwa huu pia unamtaka. Wangu walikuwa wawili. Wa kwanza mama. "Mama, umefika?" "Nimefika, mwanangu." Baada ya dakika tano: "Mama, lakini uko salama?" "Niko salama, nimekwambia." Mwisho akazoea. Akawa ananitumia ujumbe wa sauti kabla sijauliza, akiwa Gairo, akiwa Morogoro, akiwa Chalinze. Safari nzima ya mama yangu ilikuwa ya kunituliza mimi.

Wa pili ni mke wangu. Alitakiwa kusema "hakuna kitu kitakachotokea" kwa sauti ileile, akiwa ananitazama. Akisema huku anaosha vyombo, haihesabiki. Alisema kwa upendo, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na kila aliposema, nilitulia kwa muda wa kuchemsha chai.

Ndugu wa mgonjwa, sikia hili bila kujilaumu. Kumhakikishia ni huruma, na yeyote angefanya hivyo. Lakini kila "usiwe na wasiwasi, hakuna kitu" ni marejesho mengine ya siku, umeyalipa wewe kwa niaba yake. Hupaswi kumkaripia wala kumwambia aache ujinga, kwa sababu ujinga haumo. Sema kama mke wangu alivyojifunza kusema: "Baba watoto, hilo ni swali la ugonjwa, silijibu. Ila nipo hapa, tukae." Mara ya kwanza nilikasirika mpaka nikatoka nje. Leo namshukuru kwa maneno hayo kuliko kwa mengine yote aliyowahi kuniambia. Ila jambo hilo mlipange pamoja siku ambayo mgonjwa ametulia. Msimshtukize nalo akiwa katikati ya hofu.

Hatua ya nne: Jifiche nyuma ya mila na dini

*Huu si ugonjwa, huu ni mwiko. Mbona wazee wenyewe wana miko? Mbona hata sala hurudiwa?*

Hatua hii ndiyo iliyonipotezea miaka mingi zaidi, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Sote tumekulia kwenye miko. Usifagie nyumba usiku. Usipige mluzi gizani. Muuza duka hakupi sindano jua likishazama. Bundi akilia juu ya paa, watu wazima wanatazamana. Mtu aliyelelewa hivyo, ugonjwa ukimwambia "usimalize ngazi kwa mguu wa kushoto," haoni jambo geni.

Aliyenifumbua macho ni jirani yetu, mzee wa Kigogo ambaye nyumba yake iko karibu na mbuyu. Jioni moja tuliamkiana *mbukwa*, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza habari za geti. Sijui nilipata wapi ujasiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mwiko huo unao na nani?"

"Ni wangu peke yangu, babu."

"Basi huo si mwiko, mjukuu wangu. Mwiko una watu."

Nimelitafakari neno hilo kwa muda mrefu, na nimeona tofauti tatu ndani yake. Mwiko wa jamii ni wa wengi, umerithiwa, na ukiuliza utaambiwa unahusu nini. Wa ugonjwa umetungwa jana usiku na mtu mmoja, kwa ajili ya mtu mmoja. Mwiko wa jamii una mpaka: usifagie usiku, basi, asubuhi fagia. Wa ugonjwa huzaa watoto kila wiki. Na mwiko wa jamii ukivunjwa, kuna mkubwa wa kwenda kwake, jambo likasemwa, likaisha. Wa ugonjwa hauna mkubwa wala hauishi.

Kwenye dini ni vivyo hivyo, na viongozi wa dini walilijua hili kabla ya madaktari wa leo. Neno letu wasiwasi tumelipokea kutoka Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu walilitumia kwa hali hii hasa. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, na humo akautengea wasiwasi nafasi yake mbali na huzuni, hofu na hasira. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika kuwaonya watu wanaorudia udhu na nia bila kikomo. Upande wa Wakatoliki, Ignatius wa Loyola, aliyeteswa na hali hiyo mwenyewe katika karne ya 16, alitoa mfano wa mtu aliyekanyaga bila kukusudia mabua mawili yaliyolala kama msalaba, kisha akajihukumu kuwa ametenda dhambi. Ignatius alisema hiyo ni hukumu potofu, dhambi haikuwepo.

Mimi ni mtu wa sala, na sioni kwamba kuupinga ugonjwa huu kunanidai niiache sala yangu. Kunanidai niitambue. Sala ina amina. Ukishasema amina unainuka, unakwenda shamba. Tendo la ugonjwa halina amina. Likifika mwisho linakwambia rudia, hukutamka vizuri. Ukiona ibada yako imepoteza amina, mwendee shehe wako, padri wako au mchungaji wako umwambie hivyo hivyo, kisha uende pia hospitali.

Hatua ya tano: Nyamaza, na ukisikia jina Mirembe, vuka barabara

*Ukisema watakuita chizi. Watakupeleka kule.*

Kule ni hapa kwetu. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, na leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Kwa karibu karne nzima Dodoma imekuwa na hazina ya matibabu ambayo mtu wa mikoani angesafiri siku mbili kuifikia, na sisi tuliozaliwa jirani nayo tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Konda akitaja Mirembe daladalani, abiria wanachekeana. Mtoto akifanya utundu anaambiwa atapelekwa Mirembe. Kwa Kiganda, mirembe maana yake ni amani. Ingekuwa heri kama tungelisikia hivyo.

Ugonjwa unakupenda ukiwa kimya, kwa kuwa mdai wa deni la uongo haogopi kitu kama mtu wa tatu kulisoma daftari. Ndiyo maana unakutisha na neno chizi. Ukweli ni kwamba mtu mwenye ugonjwa huu kwa kawaida hajapoteza uwezo wa kutambua mambo. Anajua, au kwa sehemu kubwa anajua, kwamba geti haliendeshi basi. Hilo ndilo linaloumiza: kujua na bado kushindwa kuondoka getini. Na hayuko peke yake. Duniani, watu kati ya wawili na watatu katika kila 100 hupata ugonjwa huu wakati fulani wa maisha yao. Harusi ya watu 400 ina wanane au zaidi, wamevaa vizuri, wanakula pilau, na mmoja wao anahesabu punje.

Mwongozo wa pili, mfupi: Jinsi ya kutolipa

Sasa naandika kwa sauti yangu.

Mwaka 1966, London, Victor Meyer alichapisha habari za wagonjwa wawili ambao matibabu mengine yalikuwa yameshindwa kuwasaidia. Aliwaweka karibu na kile walichokiogopa, na wauguzi wakawazuia kufanya matendo yao ya kujituliza. Walipata nafuu kubwa. Tangu hapo njia hiyo imepimwa nchi nyingi, na mpaka leo ndiyo tiba ya mazungumzo na mazoezi inayotegemewa zaidi kwa ugonjwa huu: ikabili hofu, usilipe.

Siku hizi mgonjwa hazuiwi na muuguzi. Anajizuia mwenyewe kidogo kidogo, akiongozwa na mtaalamu. Mnapanga ngazi kuanzia jambo jepesi hadi zito. Ngazi yangu ilianza na kugusa geti mara nane badala ya tisa. Halafu kutoligusa nikienda dukani. Halafu kutoligusa mke wangu akienda sokoni Sabasaba. Juu kabisa ya ngazi palikuwa na mama na basi la Dar.

Siku hiyo ilipofika, mama alipanda bajaji, nami nikarudi ndani bila kunyoosha mkono. Sikuhesabu. Sikubana pumzi. Tulikuwa tumekubaliana asinitumie ujumbe njiani. Hofu ilipanda mpaka nikasikia moyo shingoni. Nilichukua jembe nikaenda kupalilia zabibu, si ili hofu iishe, bali kwa sababu palizi ilikuwa imefika. Nilipalilia nikiwa na hofu. Saa nne ilikuwa kali kama jua la Oktoba, saa sita bado ipo, saa nane nikagundua kwamba kwa muda fulani nilikuwa nawaza maji ya kumwagilia. Jioni mama akapiga simu. Ugonjwa haukukawia: *Amefika kwa sababu hukuligusa, basi kuanzia leo usiliguse kamwe.* Nikaukataa na huo. Mama alifika kwa sababu basi lilifika.

Kuna neno moja ninalolitumia kila siku, nalo ni "labda." Ugonjwa ukisema mama anaweza kufa leo, sibishani nao, sitafuti ushahidi. Nasema: labda, sina mkataba na kesho, wala geti halina. Watu wengi hudhani tiba ni kupata uhakika. Tiba ni kujifunza kuishi bila uhakika, kama wanavyoishi wakulima wote wa nchi hii kavu, wanaopanda mtama Desemba bila kuambiwa na mtu kama mvua itafika Machi.

Wala usijaribu kulifukuza wazo. Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba watu walioambiwa wasimwaze dubu mweupe walishindwa kuacha kumwaza. Jaribu wewe, dakika moja, usiuwaze mbuyu. Wazo likija, liache lipite kama mbuzi wa jirani, na wewe endelea na ulichokuwa unafanya.

Dawa nazo zipo. Fluoxetine na clomipramine ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hazifanyi kazi kwa siku mbili tatu. Huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi mitatu, kabla ya kupima faida yake, na ugonjwa huu mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko ya sonona. Daktari ndiye apange, na usiziache ghafla kwa kuwa umejisikia vizuri.

Ukitaka kujua kama umefika pa kutafuta msaada, tumia kipimo wanachotumia wataalamu: je, mawazo haya na matendo haya yanakula zaidi ya saa moja ya siku yako, au yanakuharibia kazi, masomo, ndoa? Kama ndiyo, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, eleza kama nilivyoeleza hapa, omba rufaa. Dodoma tuna Mirembe. Dar es Salaam kuna Muhimbili, Nairobi kuna Mathari, Kampala kuna Butabika. Na kama mateso yamefika mahali unawaza kujiua, usisubiri rufaa wala kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, akupeleke hospitali leo.

Sijapona kwa maana ya kwamba sauti imenyamaza. Kuna wiki hunisumbua, hasa nikichoka. Lakini sasa natoka nyumbani saa moja kasoro dakika kumi na naiwahi daladala yangu, na mama yangu anasafiri anaangalia milima ya Gairo dirishani bila kushika simu.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kufika Dodoma. Nikiisikia honi, kifua bado kinakumbuka, kinataka kubana. Nakiacha kitake, na mimi napumua. Wewe unayesoma haya huku unahesabu, acha hesabu hapo hapo ulipofika, iwe saba au iwe kumi na tatu. Deni hilo hukulikopa. Kesho asubuhi mwambie mtu mmoja unayemwamini.